Kipimo kilichothibitishwa ng'ambo hakijui damu ya Silibwet

SILIBWET, Bomet

Katika kituo cha biashara cha Silibwet, kilomita chache kutoka mji wa Bomet, habari kwamba mtu fulani hamezi tena ugali haihitaji ufafanuzi. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni ugonjwa unaofahamika mno katika nyanda hizi za chai. Aghalabu mgonjwa hufika hospitalini akiwa ameshaacha nyama, ameacha ugali, na hata uji unampita kwa shida. Wakati huo daktari huwa hana mengi ya kufanya ila kumpanulia njia ili apate kunywa.

Hospitali ya Tenwek, ambayo haiko mbali na Silibwet, imeushughulikia ugonjwa huu kwa miaka mingi. Mwaka wa 2016 watafiti wake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wakazi wapatao 300 ambao hawakuwa na dalili yoyote. Waliingiziwa kamera kooni, umio ukanyunyiziwa madini ya iodini yanayotofautisha ngozi nzima na iliyoharibika, kisha vipande vidogo vikakatwa na kuchunguzwa. Asilimia 14.4, yaani takriban mtu mmoja kati ya kila saba, walipatikana na mabadiliko ya chembe ambayo yanaweza kuzaa saratani baadaye.

Lakini kamera hiyo haiwezi kupelekwa katika kila zahanati. Inahitaji daktari aliyefunzwa, dawa ya ganzi, umeme usiokatika na mgonjwa aliye radhi kumeza mpira. Ndiyo sababu watafiti wa magonjwa ya aina hii, hapa na kwingineko, wanatafuta kitu kilicho katika damu ambacho kingemtambulisha mwenye hatari mapema. Kitu hicho huitwa bayomaka, au kwa lugha nyepesi, kiashiria cha hali ya mwili. Kinaweza kuwa protini, homoni, au hata kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya chembe zake wenyewe zilizoharibika. Mathalani, wako wagonjwa wa saratani ya umio ambao damu yao huwa na kingamwili dhidi ya protini iitwayo p53, na nchini Japani kipimo chake kinatumika hospitalini. Hata hivyo, kipimo hicho hukosa wagonjwa wengi, hasa wale ambao ugonjwa wao ndio kwanza unaanza, nao ndio ambao Bomet ingependa kuwapata.

Basi tuseme mtafiti anataka kuanza kazi hiyo hapa. Ana fedha za msimu mmoja, jokofu la maabara, na orodha ndefu ya kampuni za Ulaya, Marekani na Uchina zinazouza visanduku vya vipimo. Achague kipi? Jibu la haraka, ambalo limewaponza wengi, ni kutazama bei na asilimia zilizochapishwa kwenye karatasi ya maelezo. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: asilimia hizo zilipatikana kwa damu ya nani?

Kabla ya kulijibu, yafaa kufahamu kilichomo katika kisanduku. Kuna sahani ya plastiki yenye vishimo 96 vilivyopangwa kwa safu, chupa za kingamwili, kimeng'enya, maji ya kutia rangi, na sampuli za kulinganishia ambazo kiwango chake kinajulikana. (Katika chumba chetu cha habari tuliwahi kubishana kutwa nzima iwapo tuandike kingamwili au askari wa mwili. Kingamwili ilishinda, nami nafurahi, kwa kuwa askari humkamata yeyote aliyetumwa kumkamata, ilhali kingamwili hushika umbo moja tu. Au ndivyo inavyodaiwa.)

Katika kipimo cha aina ya Elisa, kingamwili ya kwanza huwa imegandishwa chini ya kishimo. Seramu ya mtu inapomiminwa, molekuli inayotafutwa hunaswa hapo, na yasiyonaswa huoshwa. Kisha kingamwili ya pili, iliyofungwa kimeng'enya, huishika molekuli ileile kwa upande mwingine. Yakitiwa maji ya rangi, kishimo hugeuka buluu, na asidi ikiongezwa huwa manjano. Mashine husoma ukolevu wa rangi hiyo na kuulinganisha na ule wa sampuli zinazojulikana.

Mashine, basi, haijui protini wala saratani. Inajua rangi tu.

Mkulima wa chai analielewa jambo hili zaidi ya anavyodhani. Katika kituo cha kununulia majani, mizani haioni chai bali uzito. Majani yaliyonyeshewa alfajiri ni mazito kuliko yaliyokauka, na mfuko nao una uzito wake. Ndiyo maana karani hukata kilo za mfuko na unyevu, na ndiyo maana wakulima hawachoki kuteta naye juu ya kiasi anachokata. Damu pia ina mfuko na unyevu wake. Ina mafuta, ina kingamwili za maradhi ya zamani, ina mabaki ya malaria na minyoo, ina protini zinazoshikamana na kila kitu. Kisanduku kilichotengenezewa damu ya wachangiaji wa Boston au Munich kimekata unyevu wa huko. Cha hapa hakijakatwa.

Kwamba damu ya nyanda hizi ina viwango vyake si dhana. Katika wilaya jirani ya Kericho, kama ilivyoitwa wakati huo, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na mradi wa Walter Reed wa jeshi la Marekani walisajili watu karibu 2,800 katika mashamba ya chai mwaka wa 2003 ili kufuatilia maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Kutokana na kazi hiyo, watafiti walichapisha mwaka wa 2008 viwango vya kawaida vya damu vya watu wazima 1,541 wasio na virusi. Sababu waliyoitoa ilikuwa wazi: majaribio ya chanjo yalikuwa yanakuja, na haikuwezekana kumhukumu mchumaji chai wa Kericho kwa vipimo vya mkazi wa Marekani.

Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine wa watu zaidi ya 2,000 kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia ulionyesha uzito wa kosa hilo. Lau viwango vya hospitali moja kubwa ya Marekani vingetumika, zaidi ya nusu ya watu hao wenye afya wangekataliwa kushiriki utafiti kwa kisingizio kwamba damu yao ina kasoro.

Hilo ni kosa la kumwita mzima mgonjwa kwa sababu ya mpaka uliowekwa vibaya. Lipo kosa la pili, la kisanduku chenyewe kudanganyika, na Kericho inalijua kwa karibu. Jaribio la chanjo ya Ukimwi lililoitwa RV172 lilifanywa Kampala, Kericho na Mbeya kwa watu 324 wasio na virusi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2010. Chanjo ya namna hiyo haiwezi kumwambukiza mtu, kwani haina virusi vizima vya Ukimwi. Lakini hufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya vipande vya virusi, na vipimo vya kawaida vya Ukimwi huzitafuta kingamwili hizohizo.

Matokeo yake ni kwamba mtu mzima kabisa anaweza kuambiwa ana virusi. Katika hesabu iliyochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2010, watu 908 kati ya 2,176 waliopewa chanjo mbalimbali za majaribio walionekana kuwa na virusi katika vipimo vya kingamwili ilhali hawakuwa navyo. Idadi ilitegemea chanjo na vilevile kisanduku, kwa kuwa kila mtengenezaji huchagua vipande tofauti vya virusi vya kuweka kwenye kishimo. Kisanduku kimoja kinakuita mgonjwa, cha pili kinakuachilia. Hebu fikiria mchumaji chai aliyejitolea kwa ajili ya sayansi akienda kliniki ya wajawazito miaka mitatu baadaye, mbele ya muuguzi asiyejua habari za chanjo. Kinachoweza kumwokoa ni kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, na mpango uliowekwa kabla ya sindano ya kwanza kuchomwa. Chanjo ya aina hiyo, kwa bahati mbaya, haikufaulu: jaribio kubwa lililofanywa Marekani lilisitishwa Aprili 2013 kwa kuwa haikuzuia maambukizi.

Huko Rakai nchini Uganda, watafiti walieleza mwaka wa 2007 kisa chepesi zaidi lakini chenye madhara yaleyale. Walitumia vipimo vya haraka vya Ukimwi, vile vya mstari, kuwachuja watu waliotaka kujiunga na majaribio. Walipohakikisha kwa mbinu za maabara, waligundua kwamba chini ya nusu ya walioonekana kuwa na virusi ndio waliokuwa navyo kweli. Chanzo kikubwa kilikuwa mistari hafifu, ile ambayo msomaji huinua kipimo dirishani na kukunja uso. Mistari hiyo ilipowekwa kando na kupimwa upya, usahihi ulipanda mno. Kipimo kilekile, watu walewale. Kilichobadilika ni namna ya kukisoma.

Na mwishoni mwa 2011, Shirika la Afya Duniani lilipokiondoa kisanduku kimoja cha Ukimwi kutoka Korea Kusini kwenye orodha yake, Kenya ililazimika kukikusanya kutoka vituo vya afya kote nchini. Jina zuri kwenye orodha ya kimataifa si kinga ya milele.

Mfano wa kazi iliyofanywa ilivyopasa haukosekani, nao unatoka humu nchini. Korona ilipoingia mwaka wa 2020, wanasayansi wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi walitaka kujua ni Wakenya wangapi walikuwa wameambukizwa. Kabla ya kupima mtu yeyote, walifungua majokofu yao na kutoa sampuli 910 za wakazi wa Pwani zilizowekwa kabla ya janga. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyeweza kuwa na kingamwili za virusi hivyo vipya. Kipimo chao kiliwataja 9 kimakosa, na kuwaachilia 901. Upande wa pili, kati ya sampuli 179 za watu waliojulikana kuambukizwa, kiliwatambua 166.

Kisha wakapima damu ya wachangiaji 3,098. Waliopatikana na kingamwili walikuwa 174, yaani asilimia 5.6. Lakini kwa kuwa walijua kipimo chao hukosea mtu mmoja katika kila mia, walijua pia kwamba takriban 30 kati ya hao 174 huenda waliitwa bure. Baada ya kurekebisha kosa hilo na kuzingatia umri, jinsia na maeneo ya wachangiaji, wakatangaza asilimia 4.3. Bila zile sampuli za zamani, nchi ingepewa takwimu iliyovimba, na hakuna ambaye angejua imevimba kwa kiasi gani.

Mtafiti wa Silibwet afanye vivyo hivyo. Kabla ya kununua visanduku ishirini, aombe kimoja. Achukue seramu za watu wa hapa, wenye malaria na wasio nayo, wenye minyoo na wasio nayo, wajawazito, wazee. Aongeze ndani yake kiasi anachokijua cha molekuli anayoitafuta, kisha apime kuona kama atarudishiwa kiasi hicho. Akitia mia na kusoma kati ya 80 na 120, yafaa kuendelea. Akisoma 50, damu hiyo inameza kitu, na kisanduku hakikuandaliwa kwa ajili yake.

Kisha aizimue sampuli moja mara mbili, mara nne, mara nane. Kiwango akikizidisha tena kinapaswa kurejea palepale. Kisiporejea, kuna jambo. Hutokea hata, na hili huwashangaza wengi, kwamba sampuli yenye molekuli nyingi kupita kiasi husomeka kama ina chache, kwa sababu kingamwili zote mbili zimejaa kila moja kivyake na hazikutani tena kwenye molekuli moja. Mgonjwa mahututi huonekana mzima.

Hesabu ya vishimo nayo inataka utulivu. Muuzaji husema kisanduku kinatosha sampuli 96. Si kweli. Viwango vinane vya kulinganishia, kila kimoja mara mbili, huchukua vishimo 16. Sampuli tatu za kuhakiki kazi, mara mbili, huchukua 6. Vinabaki 74, na kwa kuwa kila mtu hupimwa mara mbili, kisanduku kimoja kinatosha watu 37. Nimeona bajeti za utafiti zikipitishwa na kamati za wasomi bila yeyote kufanya hesabu hii ya darasa la tano. Katikati ya mwaka vitendanishi huisha, na vinavyoagizwa upya huwa vya toleo jingine.

Toleo ni jambo zito. Kampuni hutengeneza kingamwili kwa mafungu, na fungu la Machi si lazima lifanane na la Oktoba. Watu waliopimwa kwa fungu la kwanza wakilinganishwa na waliopimwa kwa la pili, tofauti itakayoonekana inaweza kuwa ya chupa wala si ya miili yao. Dawa yake ni kuagiza fungu moja kwa utafiti mzima iwapo tarehe ya mwisho inaruhusu, au kuhifadhi sampuli chache na kuzipima kwa mafungu yote mawili. Isitoshe, mwenye kununua asome maandishi madogo. Kisanduku kilichoandikwa kuwa ni cha utafiti pekee hakiruhusiwi kumpa mgonjwa majibu, hata kama mgonjwa huyo amesimama mlangoni akiyasubiri.

Yote haya huwa magumu zaidi kinachopimwa kinapokuwa dawa. Dawa za kibayolojia, ambazo hutengenezwa na chembe hai badala ya kuchanganywa kwa kemikali, mara nyingi zenyewe ni kingamwili. Trastuzumab ya saratani ya matiti ni mojawapo. Nyingine ni L9LS, kingamwili dhidi ya malaria iliyotengenezwa katika taasisi za afya za serikali ya Marekani na kujaribiwa kwa watoto katika kaunti ya Siaya.

Mtafiti wa dawa kama hizo hutaka kujua mambo mawili. Kwanza, ni kiasi gani cha dawa kimesalia katika damu baada ya mwezi, miwili, sita? Lakini damu imejaa kingamwili za mtu mwenyewe, mabilioni kwa mabilioni. Kuitafuta ya dawa humo ni kama kumtafuta mchumaji mmoja katika shamba ambamo wote wamevaa aproni moja. Kisanduku cha kawaida hakifai; sharti kiwe na kingamwili iliyotengenezwa kuishika dawa hiyo tu, kwenye ncha yake ya pekee. Pili, je, mwili umeanza kuikataa dawa kwa kutengeneza kingamwili dhidi yake? Hapa kuna mtego: dawa ikiwa bado nyingi katika damu, hushikamana na kingamwili hizo na kuzificha, na kipimo husema hazipo. Mwenye kununua hana budi kumuuliza muuzaji kipimo chake huvumilia dawa kiasi gani kabla ya kupofuka. Kanuni za kimataifa zilizokubaliwa mwaka wa 2022 kuhusu upimaji wa dawa katika damu huruhusu kosa la asilimia 20 kwa vipimo vya namna hii, na 25 pale kiwango kinapokuwa cha chini kabisa. Zaidi ya hapo, takwimu hutupwa.

Wakati mwingine uamuzi wa busara ni kutonunua kisanduku chochote. Watafiti walioshirikiana na Tenwek walipotaka kujua kama moshi wa kuni jikoni unahusika na saratani ya umio, katika kazi iliyochapishwa mwaka wa 2021, walipima hewa ya majiko na mkojo wa wapishi. Sumu walizozitafuta ni molekuli ndogo mno. Kingamwili mbili haziwezi kushika molekuli ndogo kwa wakati mmoja, na vipimo vya kingamwili moja huchanganya sumu ndugu. Kwa kazi ya aina hiyo, mashine inayotenganisha molekuli na kuzipima kwa uzito wake huaminika zaidi, ingawa haipatikani kila hospitali na sampuli hulazimika kusafiri.

Kusafiri nako kuna masharti. Protini nyingi huharibika zikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, na umeme ukipotea usiku kucha katika zahanati, sampuli za mwaka mzima huwa maji ya rangi. Tenwek ilijijengea mtambo wake wa umeme kwenye maporomoko ya mto Nyangores mwaka wa 1987, kwa sababu za upasuaji, si za utafiti. Zahanati zinazoizunguka hazina maporomoko. Kwa hivyo jaribio la kile kisanduku kimoja cha kuombwa lisifanywe kwa seramu iliyotoka mkononi sasa hivi pekee. Baadhi igawanywe katika mirija midogo, igandishwe na kuyeyushwa mara moja, mara mbili, mara tatu, na mirija michache iachwe mezani kwa saa kadhaa kama itakavyokuwa siku ambayo pikipiki ya kuleta sampuli imekwama kwenye tope njia ya kuja Silibwet. Vishimo 74 vinatosha kazi hiyo.